Nectocaris: ngisi wa milimani aliyeishia kuwa mnyoo

Mwezi Mei 2010 jarida la Nature lilichapisha makala iliyotangaza kwamba mmoja wa mababu wa mwanzo kabisa wa pweza na ngisi amepatikana. Hakupatikana ufukweni wala katika kina cha bahari. Alitoka katika miamba ya milima ya British Columbia, magharibi mwa Kanada, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka pwani. Kisukuku chenyewe si kikubwa, kwa kawaida hakizidi urefu wa kidole. Kina mwili bapa wenye umbo la tiara la watoto, pezi pana kila ubavu, macho mawili yaliyosimama juu ya vikonyo, na mbele ya kichwa minyiri miwili mirefu. Jina lake ni Nectocaris pteryx.

Julai 2025 makala nyingine, safari hii katika jarida la Science Advances, ilimwondoa kabisa katika ukoo wa pweza na kumweka kwa jamaa wa minyoo-mishale, viumbe wadogo wanaong'aa kama kioo ambao leo huelea kwa mamilioni katika maji ya bahari zote. Katikati ya makala hizo mbili ipo miaka 15 ya mabishano, na kabla yake miaka mingine 100 ambayo kisukuku hiki kilikaa bila ukoo. Nakichambua kisa hiki kwa sababu mara chache tunapata kuona hoja nzuri, iliyojengwa juu ya vielelezo vingi na watu makini, ikishindwa na alama moja ndogo ya neva iliyobaki katika jiwe la nchi nyingine.

Tuanze na mahali, maana bila mahali kisa hakieleweki. Mwaka 1909 Charles Walcott, aliyekuwa katibu wa Smithsonian, taasisi ya utafiti na makumbusho huko Washington, alikuta visukuku vya ajabu kwenye ukingo wa mlima ulio kati ya Mlima Field na Mlima Wapta, katika eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Yoho. Mwamba huo unaitwa Burgess Shale. Alirudi mara nyingi na kukusanya zaidi ya vielelezo 65,000. Tope lililoganda kuwa mwamba huo lilitua chini ya bahari miaka milioni 508 iliyopita, katika kipindi cha Kambri, wakati bara la kale la Laurentia lilipokuwa karibu na ikweta na nchi kavu haina mti wala mnyama. Wanyama wa Burgess waliishi chini ya ukuta mrefu wa chokaa uliozama ndani ya maji. Mara kwa mara tope lilimiminika, likawabeba na kuwafukia mahali penye oksijeni kidogo mno. Ndiyo maana walibaki na miguu, matumbo na macho, vitu ambavyo kwa kawaida huoza ndani ya siku chache.

Milima ya Rocky ilikuja baadaye sana, karibu na mwisho wa zama za dainosari, mabamba ya ganda la dunia yaliposukumana na kupandisha sakafu ya bahari ya kale juu ya nchi kavu. Sakafu hiyo leo iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kupanda huko hakukuwa bure. Mgandamizo na joto viliwalaza wanyama hao kabisa, wakabaki utando mwembamba wa kaboni na madini ya udongo, unaoonekana vizuri jiwe likishikwa kwa pembe fulani ya mwanga. Hili tulikumbuke, kwa sababu ndiko ushahidi ulikokwama.

Katika mzigo wote wa Walcott, Nectocaris alikuwa mmoja tu. Walcott alimpiga picha akamwacha bila maelezo. Mwaka 1976 Simon Conway Morris ndiye aliyemwandika rasmi na kumpa jina, na alifanya jambo ambalo mimi naliheshimu: alikataa kumweka popote. Kichwa kilimkumbusha jamii ya kamba, kiwiliwili chenye mistari ya mapezi kikamkumbusha wanyama walio njiani kuelekea kuwa na uti wa mgongo. Ukiwa na jiwe moja lililolala upande, na nusu ya mnyama haionekani, jibu la heshima ni kusema hujui. Mwaka 1988 Alberto Simonetta aliuliza waziwazi kama mnyama huyu si wa ukoo wa wenye uti wa mgongo. Swali lilibaki hapo.

Mtu asidhani huu ulikuwa uzembe. Burgess Shale ina historia ya kuwachanganya watu wazima. Mnyama mkubwa kuliko wote wa bahari ile, Anomalocaris, kwanza alijulikana vipande vipande: mkono wake ulidhaniwa kuwa mwili wa kamba asiye na kichwa, na mdomo wa jamaa yake mmoja ulidhaniwa kuwa kiwavi-maji aliyetobolewa katikati. Ni katika miaka ya 1980 tu ambapo Harry Whittington na Derek Briggs waliunganisha sehemu hizo na kuonyesha kwamba zote ni za aina moja ya wawindaji. Kwa hiyo mtu anayefanya kazi katika mwamba huu anajua tangu siku ya kwanza kwamba umbo peke yake linaweza kumdanganya.

Kilichobadilisha mambo mwaka 2010 ni wingi. Royal Ontario Museum ya Toronto ilikuwa imechimba Burgess kwa miaka mingi, na katika makusanyo yake vilikuwamo vielelezo vipya 91 vya Nectocaris. Martin Smith, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu, na Jean-Bernard Caron wa jumba hilo walivikagua vyote. Picha iliyotoka ilikuwa tofauti kabisa na ya 1976. Hapakuwa na gamba la kamba kichwani. Minyiri ilikuwa laini, haina viungo. Macho yalionekana kuwa ya aina ya kamera, yenye chumba kimoja, si macho ya vipande vipande kama ya nzi. Chini ya kichwa palikuwa na mrija unaonyumbulika, na nyuma yake uwazi mrefu katikati ya mwili wenye vitu vilivyofanana na matamvua, safu kila upande.

Mtu wa pwani akisoma orodha hiyo anamwona ngisi mara moja. Ngisi ana mrija chini ya kichwa. Huvuta maji ndani ya joho la mwili, huyapitisha kwenye matamvua, kisha huyafyatua kwa nguvu na kurudi nyuma kwa kasi. Ana mapezi ubavuni. Ana macho ya kamera. Smith na Caron wakahitimisha kwamba Nectocaris ni sefalopodi, yaani wa kundi la pweza na ngisi, wa mwanzo, na kwamba historia ya ukoo huo inarudi nyuma kwa zaidi ya miaka milioni 30 kuliko ilivyodhaniwa.

Hitimisho hilo lilikuwa na gharama, na hapo ndipo wasomaji wengi wa habari hawakufika. Pweza, ngisi, dome na nautilasi ni moluska, ndugu wa konokono na chaza. Visukuku vinaonyesha kwamba sefalopodi walianza na gamba la nje lenye vyumba vilivyounganishwa na mshipa mmoja unaopita katikati, kifaa cha kurekebisha kuelea majini. Nautilasi bado analo. Baadaye baadhi yao waliliingiza gamba ndani ya mwili, kama dome ambaye gamba lake jeupe mawimbi hulitupa ufukweni, na pweza wengi wakalipoteza karibu lote. Wa zamani zaidi wanaokubalika bila ubishi mkubwa, kina Plectronoceras wa China, ni wa mwishoni mwa Kambri. Walikuwa vijigamba vya sentimita chache vilivyopinda kidogo, na yaelekea walitambaa polepole kwenye sakafu ya bahari yenye kina kifupi. Nectocaris ni mkubwa kwao kwa umri na hana hata chembe ya gamba. Ukimkubali, basi unapaswa kukubali kwamba sefalopodi walianza wakiwa uchi na wepesi majini, na kwamba gamba lao lilibuniwa peke yake, mbali na gamba la konokono na chaza. Smith na Caron hawakuificha gharama hiyo. Waliipendekeza kama ugunduzi.

Upinzani ulikuja mwaka uliofuata kutoka pande kadhaa. Dawid Mazurek na Michał Zatoń waliandika makala ambayo kichwa chake tu kilikuwa swali: je, Nectocaris ni sefalopodi? Björn Kröger, Jakob Vinther na Dirk Fuchs, katika mapitio marefu ya asili ya sefalopodi, hawakumpa nafasi katika ukoo. Hoja za wapinzani, nikizipanga kwa uzito ninaouona mimi, zilikuwa hivi.

Yenye nguvu kuliko zote ni ya mrija. Mrija wa ngisi hupungua upana kuelekea nje, na ndiyo sababu maji hutoka kwa nguvu. Wa Nectocaris hutanuka kuelekea nje. Kifaa cha namna hiyo hakifyatui maji. Ukijaribu kuogelea nacho hutafika mbali. Kama mrija haufanyi kazi ya mrija, basi kufanana kwake na wa ngisi kunabaki kwenye mchoro tu, na nguzo kubwa ya hoja nzima imeondoka.

Kisha minyiri. Viinitete vya sefalopodi wa leo huanza na machipukizi 10 ya mikono, hata vya nautilasi ambaye akikua huwa na minyiri kadhaa ya makumi. Nectocaris ana miwili. Unaweza kusema kwamba kumi ilikuja baadaye, lakini sasa unaongeza dhana juu ya dhana. Halafu kuna radula, ule ulimi wenye safu za meno ambao moluska wengi wanao na ambao kwa wengine umeonekana hata katika miamba ya Burgess yenyewe. Kwa Nectocaris haukuonekana katika vielelezo vyote hivyo.

Hapa nina maoni yangu kuhusu 2010. Kasoro haikuwa uhaba wa vielelezo wala haraka. Vielelezo vilikuwa vingi na vilisomwa kwa uangalifu. Umbo la Nectocaris tunalolijua leo ni lile lililochorwa na Smith na Caron. Tatizo lilikuwa katika mizani. Vilivyoonekana, macho na mrija na mapezi, vilihesabiwa kuwa ushahidi kamili, na visivyoonekana, gamba na radula na mikono minane iliyobaki, vikahesabiwa kuwa pengo litakaloelezwa baadaye. Macho ya kamera yamejitokeza zaidi ya mara moja katika wanyama wasiohusiana. Sisi tunayo na pweza anayo, na hatukuyarithi kwa babu mmoja aliyekuwa nayo. Mapezi ya ubavuni ndiyo kabisa, kila mnyama bapa anayeogelea huishia kuyapata. Sifa ambazo bahari humlazimisha kila mwogeleaji kuwa nazo haziwezi kutaja ukoo.

Lakini wapinzani nao walikuwa na udhaifu wao: hawakuwa na jibu la swali la pili. Kama si sefalopodi, ni nani? Jamaa wa Nectocaris walikuwa wameonekana pia Chengjiang, mkoani Yunnan, China, na katika Emu Bay Shale ya Kisiwa cha Kangaroo, Australia, katika miamba yenye umri mkubwa kuliko Burgess. Kundi zima lililoenea duniani lilikuwa limesimama bila ukoo.

Jibu lilitoka Greenland kaskazini, katika rasi ya Peary Land, kwenye mwamba unaoitwa Sirius Passet ambao uligunduliwa mwaka 1984. Una umri wa takribani miaka milioni 519. Huko ndiko Vinther, yule wa mapitio ya 2011, alikokuwa akifanya kazi na wenzake, akiwemo Tae-Yoon Park wa taasisi ya utafiti wa ncha za dunia ya Korea Kusini. Walipata spishi mpya ya kundi la Nectocaris, wakaiita Nektognathus evasmithae. Umbo ni lilelile: mapezi, macho, minyiri miwili. Ila tumboni, katikati ya kiwiliwili, palikuwa na jozi ya mabaka yaliyogeuka madini. Walipoyachunguza waliyatambua kuwa fundo la neva la tumboni.

Fundo hilo ndilo hati ya utambulisho. Minyoo-mishale wa leo wana fundo kubwa la neva upande wa tumbo, mbali na kichwa, linaloongoza misuli ya kuogelea. Kwa ukubwa huo na mahali hapo, hakuna kundi jingine la wanyama lenye kitu kama hicho. Wala halikuwa tukio la mara moja, kwa sababu mwaka mmoja kabla, Januari 2024, watafiti wa Sirius Passet walikuwa wameeleza mnyama mwingine, Timorebestia, mwenye fundo lilelile, naye akawekwa kwa jamaa wa minyoo-mishale. Tofauti na mrija au pezi, kiungo hiki hakitokani na shinikizo la kuogelea. Wako waogeleaji wa kila namna baharini, na hawa peke yao ndio walioweka uongozi wa misuli yao tumboni kwa mtindo huo.

Kwa nini basi vielelezo 91 vya Burgess havikulionyesha? Kwa sababu miamba hii miwili haitunzi vitu kwa njia moja. Burgess huacha utando wa kaboni uliolazwa, ambamo tishu za ndani huchanganyika na kivuli cha ngozi. Sirius Passet kuna sehemu ambamo baadhi ya tishu za ndani zilijaa madini mapema, kabla hazijaoza, zikabaki na umbo lao. Ungeweza kukusanya vielelezo 500 kutoka Yoho na bado ukakosa kilichoonekana katika vichache vya Greenland. Hili kwangu ndilo somo la kiufundi lenye thamani kuliko yote katika kisa hiki kwa yeyote anayesoma visukuku: kabla ya kuhesabu vielelezo, uliza mwamba wako una tabia ya kupoteza nini.

Kuna kichekesho kidogo pembeni. Mwaka 1911 Walcott alieleza mnyama mwingine wa Burgess, Amiskwia, na kumwita mnyoo-mshale. Mwaka 1977 Conway Morris alimwondoa huko. Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti, kila moja kwa njia yake, yaliona mataya ndani ya kichwa chake na kumrudisha jirani na minyoo-mishale. Kwa hiyo mwamba huu ulikuwa na jamaa wa minyoo-mishale wawili: mmoja alitambulika mapema akafukuzwa, mwingine akaenda kukaa kwa pweza. Mwaka 2017 Derek Briggs na Caron walikuwa wameongeza wa tatu, Capinatator, mwenye urefu wa karibu sentimita 10 na takribani miiba 50 ya kunasia kuzunguka mdomo.

Ukiwaweka pamoja wote hawa, ikolojia ya bahari ya Kambri inabadilika kuliko majina yanavyoonyesha. Kwa hadithi ya 2010, aliyeogelea juu ya tope la Burgess akitafuta windo kwa macho makali alikuwa babu wa ngisi, na sefalopodi walikuwa wawindaji wa maji ya wazi tangu mwanzo. Kwa picha ya sasa, nafasi hiyo ilishikwa na ukoo wa minyoo-mishale. Timorebestia alifikia sentimita 30 hivi, mkubwa mno kwa bahari ya wakati ule, na ndani ya matumbo yao yalikutwa mabaki ya Isoxys, athropodi (mnyama wa miguu yenye viungo, kama kamba) mdogo mwogeleaji. Nectocaris na Nektognathus walikuwa wadogo zaidi, ila macho yao na minyiri yao haina maana nyingine: hawa walitafuta, hawakungoja. Chini yao kulikuwa na Marrella wengi wakitembea juu ya tope, minyoo ya Ottoia ndani ya mashimo, sponji zilizosimama, na Anomalocaris akipita juu ya wote. Sefalopodi hawakuwepo katika mandhari hiyo, au kama walikuwepo hawajaonekana.

Walipofika, mwishoni mwa Kambri, walifika wakiwa vijigamba vidogo. Katika kipindi kilichofuata, Odovisi, walilipuka kwa wingi na ukubwa hadi kuwa na magamba yaliyonyooka ya urefu wa mita kadhaa. Ukoo wa minyoo-mishale nao ulikwenda njia nyingine kabisa. Wa leo wengi ni wa milimita chache hadi sentimita chache, macho yao ni rahisi, minyiri hawana. Ila uwindaji hawakuuacha: wavu wa planktoni ukivutwa katika Bahari ya Hindi huwanasa wakiwa miongoni mwa walaji wakuu wa vijidudu vya maji, na baadhi yao hutumia sumu ileile inayowafanya bunju wawe hatari mezani. Tukikubali uamuzi wa 2025, hawa ni wazao walionyauka wa kundi lililowahi kuwa na macho kama ya ngisi. Mageuzi ya kupoteza namna hii huwa magumu kuyakubali kwa sababu tumezoea kuyasoma kama ngazi ya kupanda.

Swali la sefalopodi wa kwanza limerudi lilikokuwa, na kuna dai jipya mezani. Mwaka 2021 watafiti walieleza vijigamba vyenye vyumba kutoka Newfoundland, mashariki mwa Kanada, vyenye umri wa miaka milioni 522, wakasema huenda ndio sefalopodi wa zamani kuliko wote. Hilo nalo linabishaniwa, lakini angalau linabishaniwa kwa vigezo sahihi: je, kuna vyumba, na je, kuna mshipa unaoviunganisha? Ni vigezo hivyo vinavyofanya amonaiti, sefalopodi wa kale wenye gamba la vyumba, wa zama za Jura wanaotoka katika miamba ya Mombasa, walioelezwa na Beyrich huko Berlin mwaka 1877, wasiwe na mtu wa kuwahoji ukoo.

Kuhusu Nectocaris, mimi naukubali uamuzi wa 2025, kwa sharti moja. Fundo la neva limeonekana kwa jamaa yake wa Greenland, na Nectocaris wa Yoho anaunganishwa naye kwa umbo la nje, lile lile umbo ambalo liliwahi kutupeleka kwa ngisi. Tofauti ni kwamba safari hii umbo linatumika kuunganisha wanyama wawili wanaolingana karibu kwa kila kiungo, si kuunganisha kisukuku na mnyama wa leo kwa viungo vitatu vinne. Uamuzi ungetikisika kama kielelezo cha Yoho kingepatikana na radula au mabaki ya gamba, au kama mabaka yale ya Sirius Passet yangeonyeshwa kuwa sehemu ya utumbo na si neva. La pili linaweza kupimwa upya kwa vielelezo vilivyopo. La kwanza linahitaji mtu apande tena mlima na nyundo.